Mkono, Pua na Usingizi: Kusoma Maandiko Yanapomsema Mungu kama Mtu

Kila mwaka tunapofundisha tamathali za usemi, hufika siku ambapo mwanafunzi anauliza kama "mkono wa Mungu" ni tashihisi. Swali hilo ni halali. Tashihisi, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe, ni kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu: upepo unapiga mbinja, njaa inabisha hodi. Basi Maandiko yakisema kwamba Mungu ananyosha mkono, anatega sikio, anaghadhibika, anajuta, au anashuka kuutazama mnara unaojengwa Babeli, je, hayo si mambo yale yale?

Katika darasa la Kigali, ambamo Mkatoliki, Mwadventista, Mpentekoste na Mwislamu huketi benchi moja, jibu la mwalimu halipiti hivi hivi. Akijibu "ndiyo" kwa haraka, nusu ya darasa husikia kwamba Mungu amewekwa kundi moja na upepo na njaa. Akijibu "hapana" bila kufafanua, nusu nyingine husikia kwamba mwalimu anaamini Mungu ana kiwiko na kucha. Kwa kuwa wenzetu wanaofundisha sekondari nao hukutana na suala hili, tumeonelea tulieleze hapa kwa kirefu kidogo.

Tuanze na jambo lililo letu, yaani lugha, kabla ya kufika kwa wanatheolojia. Kiswahili kimejaa viungo vya mwili ambavyo havihusiani tena na nyama na mifupa. Tunaunga mkono hoja, tunampa mfiwa mkono wa pole, tunamwita bahili mkono wa birika. Mtu akisema kwamba serikali ina mkono mrefu, hakuna anayeuliza kipimo cha shati lake. Ila mtu wa kawaida akiambiwa ana mkono mrefu, ameambiwa ni mwizi! Hapo mfasiri wa Maandiko anapaswa kuwa macho. Nabii Isaya (59:1) anazungumzia mkono wa Bwana ambao haukupungua urefu hata ushindwe kuokoa. Bahati nzuri alisema kwa kukanusha. Mfasiri ambaye angetaka kurahisisha na kuandika moja kwa moja kwamba Mungu ana mkono mrefu, angemtia Mungu hatiani mbele ya wasomaji wa Kiswahili.

Mkono wa birika nao unatusaidia. Katika Kurani, sura ya 5 aya ya 64, kuna majibizano kuhusu mkono wa Mwenyezi Mungu: wapo waliodai umefungwa, nao wakajibiwa kwamba mikono yake yote miwili i wazi. Mswahili hahitaji tanbihi ndefu hapo. Anajua kwamba linalozungumzwa ni ukarimu na ubahili, kwa sababu lugha yake imekwisha kumzoesha kupima ukarimu kwa mkono.

Mambo huwa magumu pale lugha ya asili inapotumia kiungo ambacho sisi hatukitumii. Kiebrania, kwa mfano, kina neno moja kwa pua na kwa hasira, pengine kwa sababu mtu aliyekasirika hupumua kwa kishindo. Katika Kutoka 34:6 Mungu anaelezwa kwa maneno ambayo, tukiyafuata neno kwa neno, yanasema kwamba yeye ni mrefu wa pua. Mwebrania alielewa kwamba ni mvumilivu, kwamba hasira yake huchelewa kufika. Wafasiri wa Kiswahili waliiacha pua na kusema kwamba si mwepesi wa hasira. Walifanya vyema, na sijui nani angewalaumu. Lakini tuzingatie kilichotokea: sifa moja ya kimwili iliondoka bila msomaji kujua kwamba iliwahi kuwapo. Biblia anayoisoma mwanafunzi wetu imekwisha kupunguzwa viungo kadhaa, na vilivyobaki ni vile ambavyo Kiswahili kiliweza kuvibeba.

Maandiko yenyewe hutoa ufunguo mahali fulani. Katika Luka 11:20 Yesu anasema anatoa pepo kwa kidole cha Mungu. Katika Mathayo 12:28, akisimulia maneno hayo hayo, mwandishi anaweka Roho wa Mungu mahali pa kidole. Waandishi wawili, tukio moja, na hakuna aliyedhani mwenzake amekosea. Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayowapa wanafunzi ni hii: usiulize kiungo kina umbo gani, uliza kinafanya kazi gani katika sentensi ile na katika lugha ile.

Walimu wengi huishia hapo. Hutengeneza jedwali ubaoni: mkono ni uwezo, jicho ni ujuzi, sikio ni kukubali maombi, uso ni radhi. Jedwali linasaidia kupasi mtihani, lakini linadanganya, kwa maana linamfanya msomaji aamini kwamba akiisha kubadilisha neno kwa neno, picha haina kazi tena.

Tutazame Kutoka 33. Katika aya ya 11 tunaelezwa kwamba Mungu alisema na Musa uso kwa uso, kama mtu na rafiki yake. Katika aya ya 20, sura ile ile, Musa anaambiwa kwamba hawezi kuuona uso wa Mungu akaishi. Halafu katika aya ya 23 anaruhusiwa kuona upande wa nyuma tu. Ukiweka "radhi" mahali pa uso kote, sura nzima inavurugika. Uso wa kwanza ni wa mazungumzo na ukaribu, wa pili ni wa utukufu usiovumilika. Mwandishi ameyaweka yote mawili jirani bila kuyapatanisha. Hali ni hiyo hiyo katika 1 Samweli 15. Aya ya 11 Mungu anajuta kumfanya Sauli mfalme, aya ya 29 tunaambiwa yeye si mwanadamu hata ajute, na aya ya 35 tunaambiwa tena kwamba alijuta, kwa kitenzi kile kile cha Kiebrania. Aliyeandika hakusahau alichokisema mistari michache nyuma. Alitaka tushike mawili kwa pamoja: kwamba habari za Sauli zilimgusa Mungu kweli, na kwamba hakuguswa kama sisi tunavyoguswa, tukayumba na kugeuka.

Wataalamu wa dini zote tatu zenye asili ya Ibrahimu wamelitolea jasho suala hili. Musa bin Maimun, Myahudi wa karne ya 12 aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu kitabu ambacho sehemu yake ya kwanza karibu ni kamusi: anachukua neno moja baada ya jingine, kukaa, kusimama, kushuka, uso, mguu, na kuonyesha kila moja lina maana ngapi. Mwalimu wa lugha akikisoma hujisikia yuko nyumbani. Katika Uislamu, wako waliofasiri mkono kuwa uwezo au neema, na wako waliokataa kufasiri na kukataa pia kufananisha. Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyo juu ya Arshi, alijibu kwa ufupi kwamba neno lenyewe linajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kuulizauliza ni uzushi. Neno walilolitumia kwa kosa la kumfananisha Mungu na viumbe ni tashbihi, lile lile tunalolifundisha sisi kama tamathali ya "kama" na "mithili ya". Kwa wanatheolojia ni kosa, kwetu ni pambo la lugha. Tukilitamka darasani bila kueleza, tusishangae mwanafunzi aliyesoma madrasa akikunja uso.

Kwa upande wa Wakristo, kisa kinachotugusa zaidi ni cha Misri. Mwaka 399 Askofu Theofilo wa Aleksandria aliwaandikia watawa wa jangwani kuwakataza kumfikiria Mungu kuwa na umbo la mtu. Yohana Kasiano anasimulia habari za mzee mmoja, Serapioni, mtawa wa miaka mingi, aliyekubali baada ya kufafanuliwa kwamba amekuwa akiwaza vibaya. Wenzake wakafurahi, wakasimama kusali. Katikati ya sala mzee akaanguka chini akilia kwamba wamemnyang'anya Mungu wake, na sasa hajui amwabudu nani. Kimafundisho, waliomsahihisha walikuwa sahihi. Lakini walimwondolea picha bila kumpa pa kusimama, na ndivyo linavyofanya jedwali la ubaoni.

Turudi kwa wafasiri, kwani wao hawawezi kukaa kimya kama Imamu Malik. Lazima waandike kitenzi. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani wa Zanzibar, ambaye tafsiri yake ya Kurani ilitoka mwaka 1995, alipofika kwenye aya za Arshi alitumia kitenzi "kutawala", si "kukaa". Msomaji wa Kiswahili anapata maana iliyokwisha kuchaguliwa, na mjadala wa karne kumi na mbili haumfikii. Hatusemi alikosea, tunasema alichagua.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wa Rwanda moja kwa moja. Katika Mwanzo 2:7, kitenzi cha Kiebrania cha kumuumba Adamu kwa mavumbi ndicho kitenzi cha mfinyanzi, yule yule ambaye Yeremia (18) alimkuta akizungusha gurudumu lake. Tafsiri ya Muungano ya 1952 iliandika kwamba Mungu "akamfanya" mtu. Kufanya ni neno pana mno; mtu hufanya kazi, hufanya fujo, hufanya mtihani. Vidole vilivyoloa udongo vimetoweka. Sasa, katika utamaduni wa Kinyarwanda, wanawake walioolewa walikuwa na desturi ya kuacha maji kidogo chunguni kabla ya kulala. Yaliitwa maji ya Imana, ili usiku Imana apate ya kulainishia udongo anapomfinyanga mtoto tumboni. Bibi kizee wa Rwanda ambaye hakuwahi kufungua Biblia alikuwa karibu zaidi na Kiebrania cha Mwanzo kuliko msomaji wetu wa Kiswahili. Na wala hakudhani kwamba asubuhi atakuta alama za vidole chunguni.

Hapa tunafika kwenye sarufi, ambako ndiko tuliko na la kusema zaidi. Neno "Mungu" kwa umbo ni la ngeli ya M-MI: Mungu, miungu, kama mti, miti, na kama mkono, mikono. Lakini kwa upatanisho limehamia A-WA. Tunasema Mungu anasikia, hatusemi Mungu unasikia. Hilo peke yake si ajabu, kwa kuwa viumbe wenye uhai hufuata A-WA hata wakiwa na umbo la ngeli nyingine: kipofu anaimba, vipofu wanaimba; mtume anasema, mitume wanasema. Ajabu iko kwenye wingi. Kwa kanuni hiyo tungetarajia "miungu wengine". Tafsiri ya Muungano, katika amri ya kwanza, inasema "miungu mingine". Mmoja amepewa kiambishi cha mtu. Wengi wamerudishwa kwenye miti na mikono. Amri nzima imo ndani ya kiambishi.

Kinyarwanda kimepita njia nyingine. "Imana" iko ngeli moja na inka na inzu, na upatanisho wake ni wa ngeli hiyo: Imana irumva, Imana yaremye. Haichukui kiambishi cha umuntu. Ndiyo maana mwanafunzi wetu, ambaye mara nyingi alifundishwa kusali kwa Kinyarwanda na ameanza kukutana na neno "Mungu" katika vitabu vya Kiswahili, huandika "Mungu inasikia". Ni kosa, na kalamu nyekundu itapita. Lakini tunapolisahihisha tueleze kinachobadilika. Katika lugha yake ya mama, sarufi inamweka Mungu kando na watu. Katika Kiswahili, kila kitenzi kinamleta Mungu upande wa watu, kabla hata hatujataja mkono wala uso. Mwenye kudai kwamba anaweza kuzungumza juu ya Mungu kwa Kiswahili bila kumpa sifa yoyote ya mtu, amekwisha kushindwa kwenye kiambishi cha kwanza. Faida moja tunayo, na Kinyarwanda kinayo pia: a- haisemi mume wala mke. Anayetoka kwenye Kifaransa na kile "il" chake huhisi nafuu. Uanaume ukija, umeletwa na majina kama Baba, Bwana na Mfalme. Wakati huo huo tuna neno "rehema", kutoka Kiarabu, lenye shina moja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Tunalitamka kila siku na hatusikii mama ndani yake.

Kama sarufi ya Kinyarwanda inamweka Imana kando, vitenzi na majina vinamkaribisha ndani. Tukiita majina asubuhi darasani, ni kama tunasoma orodha ya kazi zake: Harerimana, anayelea ni Mungu, Havugimana, anayesema ni Mungu, Hakizimana, anayeponya, Hategekimana, anayetawala. Na iko methali ambayo kila Mnyarwanda anaijua: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Kitenzi "kwirirwa" ni kushinda, kupitisha mchana, na ndicho kinachotupa salamu ya "mwiriwe". Mungu hushinda kwingine, kisha hurejea nyumbani Rwanda. Amefanywa mtu wa hapa, mwenye shughuli mbali na mji wake huku. Tafsiri nyingi za methali hii huongeza kwamba hurudi "kulala". Kinyarwanda hakisemi hivyo. "Gutaha" ni kurudi nyumbani tu. Usingizi umeongezwa na wafasiri, na si nyongeza ndogo, kwani Zaburi 121:4 na Ayatul Kursiyyu (2:255) zote zinakana kwamba Mungu husinzia.

Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, methali hii iliulizwa swali zito: siku zile Imana ilitaha wapi? Swali hilo halikuwa la chuoni. Huko Bugesera, katika makanisa ya Ntarama na Nyamata, maelfu ya watu waliingia wakiamini pamoja na mengine kwamba wako katika nyumba ya Mungu, na katika machafuko ya nyuma makanisa yalikuwa yamewaokoa wengi. Aprili 1994 wakauawa humo humo. "Nyumba ya Mungu" nayo ni maelezo ya kibinadamu, maana mwenye nyumba ni mtu. Sulemani, siku ya kuiweka wakfu nyumba aliyoijenga mwenyewe (1 Wafalme 8:27), alishangaa kama kweli Mungu atakaa duniani ilhali hata mbingu hazimtoshi. Alilijua hilo, na bado aliomba kwamba macho ya Mungu yaielekee nyumba ile usiku na mchana.

Aliyenusurika akiuliza Imana ilikuwa wapi, mwalimu wa lugha asithubutu kumjibu kwamba methali ile ni istiari tu. Hilo "tu" ndilo lenye kosa. Methali, kama mkono na uso, ilikuwa ahadi, na mtu huidai ahadi. Zaburi 44:23 inamwita Mungu aamke na kumuuliza kwa nini amelala, na imo katika kitabu kile kile chenye Zaburi 121. Aliyeitunga alijua fika kwamba mlinzi wa Israeli halali. Alitumia usingizi kwa sababu hakuna neno jingine la kumlilia mtu aliye karibu na asiyeitika. Ukiufasiri usingizi ule kuwa "kuchelewa kutoa msaada", umepata maana na umepoteza kilio. Hatuna jibu la kumpa aliyeuliza. Tunachoweza kukilinda ni haki ya swali lake kubaki jinsi alivyolisema.

Sasa tulijibu lile swali la darasani, kwa ajili ya wanaosahihisha. "Mkono wa Mungu" tusiuweke chini ya tashihisi, kwa kuwa tashihisi huanza kwa kukubali kwamba kinachotajwa si mtu wala hakina nafsi, na anayeamini hakubali hivyo. Mtahini anayelazimisha jibu hilo anapima imani, hapimi fasihi. Tunapendekeza mwanafunzi aandike kwamba ni nahau ya kiungo iliyotumiwa kwa majazi, kisha aeleze mkono huo unafanya nini katika aya aliyopewa: unatisha, unatoa, unavuta mtu kutoka majini, au umeinuliwa kupiga. Alama moja kwa istilahi, tatu kwa maelezo. Na akiandika "Mungu inanyosha mkono", akatwe nusu alama.